Kazi Niliyomficha Daktari

Mke wangu alianza kukohoa wakati mimi nilikuwa nimeshazoea kukohoa. Mwanzoni tulifanya mzaha. Nikikohoa barazani, ananijibu kutoka jikoni, nami namwambia, "Basi, nimekusikia, ngoja zamu yako." Nilidhani tunazeeka pamoja na vifua vyetu vinazeeka nasi. Halafu asubuhi moja nikamwona amesimama katikati ya ua, ndoo ya maji mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma. Ndoo yenyewe haikujaa. Alikuwa anatafuta pumzi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotelewa na kitu na hataki watu wajue. Mzaha wetu ukaishia hapo.

Hapa Garissa kikohozi kina jina moja tu. Mtu akikohoa wiki tatu, majirani wameshaamua na mwenye duka la dawa ameshaamua. Mimi mwenyewe miaka miwili kabla nilikuwa nimemeza dawa za kifua kikuu miezi sita kamili. Sikupona. Nikaambiwa mapafu yana makovu, nikarudi nyumbani na makovu yangu. Kwa hiyo zamu yake ilipofika, hesabu ilikuwa nyepesi. Makohozi yake yalipimwa yasionyeshe mdudu, lakini picha ya kifua ilikuwa na ukungu, na mume alikuwa na historia. Akaandikiwa vidonge vilevile.

Nilivijua vile vidonge. Vinageuza mkojo rangi ya machungwa na vinamfanya mtu achukie harufu ya nyama. Mke wangu alizaliwa Elwak kwa watu wa ngamia, hajawahi kubakisha maziwa kwenye kikombe tangu nimjue, na sasa alikuwa anakisukuma kikombe pembeni kwa kidole kimoja. Mwezi wa kwanza nilimwambia avumilie. Mwezi wa pili nikamwambia hivyohivyo. Mwezi wa tatu alikaa kitandani, vidonge kiganjani, akaniambia, "Dawa hizi hazinifahamu." Nikatazama ukuta. Kufikia siku hiyo mimi nilikuwa nimeshafahamu, na nilikuwa nimenyamaza.

Nililijulia jambo lenyewe redioni. Ilikuwa asubuhi, nakunywa shaah, chai yetu ya maziwa, na mtangazaji anaeleza kwa nini mapaa ya shule fulani ya zamani yanaondolewa na watu waliojifunika kuanzia utosini hadi vidoleni. Akasema vumbi la mapaa yale likiingia kifuani halitoki, linakaa miaka ishirini, thelathini, limetulia, halafu linaanza kazi. Akalitaja kwa jina. Asbesto. Sikuwahi kulisikia likitamkwa. Lakini nilikuwa nimelisoma kila siku kwa miaka kumi na miwili, limepigwa kwa wino wa buluu kwenye maboksi yaliyokuwa yakifika karakana yetu ya ndege. Kikombe nilikiweka chini kabla hakijanimwagikia.

Sasa inabidi niseme habari ya karakana, na niiseme polepole.

Ilikuwa nje ya mji wa Wajir, pembeni ya uwanja mdogo wa ndege. Mwenye karakana alikuwa mgeni aliyekuja na ndege zake kuukuu na akaondoka nazo, na mahali pale pamebaki msingi wa saruji na vichaka. Ndege zilikuwa za mizigo. Zilibeba miraa, zilibeba unga wa misaada, zilibeba chochote, na zilitua kwenye viwanja vya mawe na changarawe, kwa hiyo breki zake zilikwisha kama sabuni ya mabachela. Breki mpya kutoka ng'ambo zilichelewa. Tukawa tunazitengeneza wenyewe. Kwenye maboksi kulikuwa na vipande vigumu vya rangi ya majivu. Tunavikata kwa msumeno, tunavitoboa, tunavipiga ribiti kwenye chuma, kisha tunavisaga kwenye jiwe la kunolea mpaka vikae sawasawa. Vya zamani tulivipuliza kwa upepo wa kompresa ili kuona vimelika kiasi gani. Wingu lilipanda hadi darini. Kulikuwa pia na kitambaa cheupe kinene cha kufungia mabomba ya moshi karibu na injini, kitambaa kisichoungua, tulichokichana kwa mikono. Nyuzi zake zilipeperuka zikatua kwenye kope na ndevu. Fundi mkuu wetu, mzee aliyetoka Mombasa, alituita vijana wake wenye mvi, na sisi tulicheka.

Na milango ilifungwa. Hili ndilo linalonitia hasira hadi leo, na sijui nimkasirikie nani. Wajir ina upepo, na upepo una mchanga, na mchanga ni adui wa mashine. Chembe moja kwenye beringi na gurudumu linakwama. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya karakana ilikuwa kufunga milango yote ya mabati kabla hujafungua kifaa cha ndege. Tulijivunia sheria hiyo. Tuliuzuia mchanga wa Mungu, ambao ungetupitia tu machoni, tukajifungia na lile vumbi jingine saa nane kwa siku, kwenye joto la kuoka mkate. Fundi mkuu alirudi kwao Mombasa kwa sababu ya kifua na tukasikia amefariki. Tulimwombea dua, tukamchagua mwingine, tukafunga milango.

Kazi yenyewe niliipenda. Naomba hilo lieleweke. Ndege ikitua salama kwenye mawe kule mpakani, mimi nilijua ni mikono ya nani imeisimamisha. Lakini hakuna mtu niliyeweza kumwambia.

Kwetu Wasomali kazi ya chuma ina watu wake. Tunawaita tumaal. Walitufulia visu, mikuki na hatamu kwa vizazi na vizazi, na malipo tuliyowapa yalikuwa kuwadharau na kukataa kuoana nao. Dhambi hiyo ni yetu, si yao, na najua Qurani haina mahali inapoihalalisha. Nilijua hata wakati ule. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa mbele ya wazee wa ukoo mwingine kuomba binti yao ni kitu kingine. Siku ya posa yangu mjomba aliulizwa kijana anafanya nini. Mjomba, Mungu amrehemu, hakumeza hata mate. "Ni karani," akasema, "yuko kwenye ndege, anaandika mizigo." Wazee wakatikisa vichwa. Karani ana kalamu, ana kivuli, ana mshahara. Nikapewa mke kwa kalamu nisiyokuwa nayo.

Uongo ule nilidhani nitauvaa wiki mbili, nikauvaa ndoa nzima. Kila asubuhi nilitoka nyumbani na shati safi na kalamu mfukoni. Karakanani nikavaa ovaroli. Mahali pa kufulia hapakuwepo, kwa hiyo kila Alhamisi nilizibeba ovaroli mbili nyumbani ndani ya mfuko wa turubai, nikampa mke wangu. Nikamwambia makarani huvaa hizo ghalani kwa sababu ya unga wa misaada. Vumbi lile lilikuwa la rangi ya majivu, lakini aliliangalia, akachukua mfuko, akaenda zake. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, ameamini.

Karakana ilipofungwa tulihamia Garissa nikaanza kuuza mbuzi. Nikawa mtu wa heshima kweli, mtu wa mifugo, na nikaizika ile miaka kumi na miwili. Kwenye kila fomu ya hospitali, penye nafasi ya kazi, niliandika mfanyabiashara wa mifugo. Mpiga picha wa eksirei aliwahi kuniuliza kama nimewahi kufanya kazi kwenye breki, au saruji, au mapaa ya zamani. Nikamwambia mimi ni mtu wa mbuzi. Akaandika. Nikameza dawa za ugonjwa ambao sikuwa nao kwa sababu niliona ni afadhali kuwa na kifua kikuu kuliko kuwa na nyundo.

Sasa hesabu mwenyewe nilikuwa wapi baada ya ile redio. Nikisema ukweli, mke wangu atajua nimemdanganya tangu siku ya posa, na ndugu zake watajua, na binti yetu wa mwisho alikuwa kwenye mazungumzo ya ndoa na watu ambao nao wana wazee na wazee wana maswali. Nikinyamaza, ataendelea kumeza sumu asiyoihitaji. Nilijizungusha mle ndani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mchana joto lilinifunga nyumbani, na kifua changu kilinifunga kwenye kiti; hatua arobaini hadi msikitini nilizigawa mara tatu. Tukiketi pamoja nilisikia pumzi zake na zangu, zote fupi. Nikiona anataka kusema kitu nawahi kuongea habari ya bei ya mbuzi. Siku thelathini na moja nilikaa hivyo. Nazijua kwa sababu kila siku niliona kidonge kikitoka kwenye karatasi yake.

Daktari tuliyepelekwa kwake safari ile alikuwa mwanamke kijana, mwenyeji wa upande wa Nairobi, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Aliziweka picha zetu mbili kwenye ukuta wa mwanga, yangu na ya mke wangu, ubavu kwa ubavu. Hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona zinafanana. Alituangalia kwa zamu.

"Mzee," akaniambia, "mama hajapata nafuu. Vipimo vyake vya makohozi ni safi kila mara. Jambo lililobaki kwenye karatasi zangu ni kwamba labda ana kifua kikuu sugu, alichokipata kwako. Kwa hali hiyo natakiwa kumpeleka kwenye dawa nzito zaidi. Ni miezi mingi. Zinaweza kumtia ganzi miguuni, na ini lake tayari halipendi hizi za sasa. Sitaki kuanza. Lakini sina maelezo mengine. Wewe unayo?"

Mke wangu alikuwa amekaa karibu yangu, mikono ndani ya shuka. Nilimtazama kwenye miguu, viatu vya plastiki vya kijani, visigino vimepasuka kwa kutembea. Nikaona ile miguu ikifa ganzi kwa ajili ya heshima yangu. Mdomo ulikuwa mzito, nakwambia, mzito kuliko gurudumu la ndege.

"Mimi si mtu wa mbuzi," nikasema. "Nilikuwa fundi. Nilisaga breki za ndege. Miaka kumi na miwili. Boksi lilikuwa limeandikwa asbesto."

Nilisema kwa Kiswahili, nikitumaini mke wangu hatafuata yote. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa bei. Daktari aliweka kalamu chini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliuliza maswali mengi: kama tulipuliza kwa upepo, kama tulivaa kitu mdomoni, kama milango ilikuwa wazi. Nikajibu yote. Akageukia tena zile picha akaonyesha mistari myeupe kwenye ngozi ya pafu langu, akasema sasa anaielewa. Akasema kovu la vumbi hilo halina dawa ya kulirudisha nyuma, lakini kuna namna ya kuishi nalo, na la kwanza ni kuacha kumeza dawa zisizohusika. Kisha akauliza lile nililojua litakuja.

"Na mama? Yeye hakuingia karakana."

"Ovaroli," nikasema. "Nilizipeleka nyumbani. Nilimwambia ni unga. Yeye hakujua kitu, daktari. Andika hivyo. Nilimdanganya."

Hapo mke wangu akakohoa, akafuta mdomo kwa ncha ya shuka, na akaongea. Hakuongea na mimi. Alimwambia daktari, kwa hicho Kiswahili chake cha sokoni, neno kwa neno, asiachwe nyuma na mtu.

"Mimi najua," akasema. "Toka wiki ya kwanza najua. Unga ukitia maji nakuwa uji. Hii fumbi hapana kuwa uji. Na karani gani nanuka grisi? Kucha yake nyeusi, nasema ni wino. Wino!" Akatoa sauti puani, sauti anayowapigia wauza nyanya. "Mimi nanyamaza. Iko mwanaume nataka watu waseme yeye karani, wacha aseme."

Nilihisi uso ukiniwaka. Miaka yote ile nimejificha nyuma ya mlango uliokuwa wazi. Kwa dakika moja, nakiri, nilifurahi, nikaona tumevuka. Hakukasirika, na siri haikuwa siri. Niliinua kichwa kumwambia kitu.

"Mama," daktari akawahi, "ulikuwa unazifulia wapi? Nje, uani?"

"Nje?" Mke wangu akashangaa. "Nje nawezaje? Majirani yote iko nje. Dada ya mama yangu nakaa karibu, nyumba ya bili. Yeye akiona nguo ya fundi kwa kamba yangu, kesho Elwak yote nasema huyu ameolewa na tumaal. Mimi nafua ndani. Adhuhuri, saa watu nalala. Nafunga mlango, naweka shuka kwa dirisha, nabiga ile nguo na fimbo mpaka fumbi natoka yote, halafu natia maji. Hata kuanika naanika ndani."

Chumba kilikuwa kimoja. Nilikijua kila kona. Daktari aliandika kwa muda, kisha akauliza bila kuinua macho.

"Hicho chumba, adhuhuri, nani mwingine alikuwa ndani?"

Mke wangu alifungua mdomo kujibu. Nikaona jibu likimfikia kabla hajalitoa. Alinishika mkono wa shati, kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele ya watu, na alipojibu alijibu kwa Kisomali, kwangu, si kwa daktari. "Carruurta," akasema. Watoto.

Daktari alituelewa bila kutafsiriwa. Alisema taratibu kwamba si kila anayelivuta vumbi lile anaugua, kwamba hakuna haja ya kuwatisha, lakini lazima waambiwe, wote wanne, ili siku wakienda hospitali kwa sababu ya kifua wamweleze daktari jambo hili kwanza. Na anayevuta sigara aache leo. Wetu wa kwanza anavuta sigara. Anaendesha lori la mifugo, na kituo chake ni Modogashe, pale njia ya Isiolo inapoachana na ile ya Wajir.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Mke wangu alisema, "Mpigie wewe. Ni kazi yako." Sikujua kama anasema kazi ile au kazi hii, na sikumuuliza. Vidonge vyake vilibaki mezani kwa daktari. Kwa hilo nilimshukuru Mungu, na sikupata kingine cha kushukuru.

Kijana alipokea mara moja. "Aabo, salama? Hooyo yuko salama?" Nikamwambia mama yake yupo hapa karibu yangu. Nikapiga moyo konde nikaanza na lililokuwa gumu zaidi, au nililodhani ni gumu zaidi. Nikamwambia kwamba pale Wajir sikuwa karani. Nilikuwa fundi, nilishika chuma, na niliwaficha.

Akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu aliyekumbuka mchezo wa utotoni.

"Aabo, hilo tunalijua tangu tukiwa wadogo," akasema. "Hooyo akikung'uta zile nguo zako sisi ndio tulikuwa walinzi. Mimi nakaa chini mlangoni naziba ule mwanya kwa mgongo, mdogo wangu anashika shuka la dirishani. Alitwambia vumbi la baba lisitoke nje." Akavuta kitu mdomoni, nikasikia akipuliza. "Na halikutoka, wallahi. Hata chembe."